Kupiga picha za pwani: soma maji kabla ya kusoma mwanga

Anayepanga kupiga picha za maisha ya pwani yetu, kuanzia visiwa vya Wabajuni huko Kizingitini na Kiwayu hadi delta ya Rufiji na Kilwa, mara nyingi huanza kwa kuuliza achukue lenzi gani. Sisi tunaozipiga humwuliza kwanza mwezi una siku ngapi tangu uandame. Kazi za pwani zinakwenda kwa maji: mwanamke anayechokoa pweza, mkulima wa mwani, fundi anayekalafati mashua (kuziba maungio ya mbao), nahodha anayengoja kupita mkondo. Ukifika maji yasipokuwa yake utakuta ufuo mtupu na vyombo vimelala ubavu, na hapo hakuna lenzi itakayokufaa.

Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku. Kati ya kujaa na kupwa hupita saa sita na dakika chache, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na huzidi nguvu siku moja au mbili baadaye. Tofauti kati ya maji kujaa na kupwa huwa kati ya mita 3 na 4 sehemu nyingi za pwani hii. Maji mafu huja mwezi ukiwa na siku saba au nane, na tena ukiwa na siku ishirini na mbili au tatu, na tofauti hushuka hadi mita 1 hivi. Mamlaka za bandari za Kenya na Tanzania hutoa majedwali ya maji, na simu nyingi zina programu za kazi hiyo, lakini jedwali hupimwa bandarini. Ndani ya vijito virefu vya mikoko maji huchelewa, na wa kumwuliza yamechelewa kiasi gani ni mtu wa kijito hicho.

Jambo linalowaponyoka wengi ni hili. Pwani yetu, maji ya bamvua hukauka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi alasiri. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa asubuhi hiyohiyo ya saa nne, na kupwa alasiri. Kwa hiyo siku ambazo mwamba hufunuka wote, na watu wengi wametoka, jua limeshapanda na mwanga umekuwa mkali. Anayeota picha ya uwanda mpana wa mwani katika mwanga wa alfajiri anaota kitu ambacho mwezi haukipangi. Kinachowezekana ni kuja siku mbili au tatu kabla ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Hapo maji hupwa kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, hayajakauka kama bamvua kamili, lakini yametosha kwa wanawake kushuka, na kivuli cha mtu bado ni kirefu kuliko kimo chake. Kipimo hicho cha kivuli ni kizuri kuliko saa: kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, jua limepita nusu ya njia ya kupanda, na nyuso zilizo chini ya kofia na mitandio zinaanza kuwa nyeusi.

Siku ya bamvua yenyewe usiipoteze. Asubuhi shuka mwambani, alasiri ingia vijitoni. Maji yakijaa saa kumi, vijito vya mikoko vinapitika hadi ndani na jua linateremka. Siyu, kwa mfano, hufikiwa kwa mkondo mwembamba uliozungukwa na mikoko, na chombo kisichongoja maji kujaa hukwama. Vivyo hivyo Mkanda, mkondo unaotenga kisiwa cha Manda na bara: nahodha huupanga kwa maji, na wewe uingie katika mpango wake. Hesabu na kurudi pia. Kijito ulichokipita saa kumi, saa kumi na mbili kinaweza kuwa tope, giza linakaribia, na mashua imepwelewa hadi maji mengine yaje usiku wa manane. Mwulize nahodha saa ya mwisho ya kuondoka, kisha ukae nayo hata kama mwanga ndiyo kwanza umekuwa mzuri.

Hatari kubwa zaidi iko mwambani. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo tu, sehemu moja kati ya kumi na mbili ya tofauti yote. Saa ya pili, sehemu mbili. Saa ya tatu na ya nne, sehemu tatu kila moja. Bamvua ikiwa ya mita 3 na nusu, katika saa ya tatu pekee maji hupanda karibu sentimita 90. Zaidi ya hayo, kati ya mwamba na ufuo mara nyingi kuna bonde lililo chini kuliko mwamba wenyewe. Aliyeinamia kamera kwenye mwamba mkavu haoni kwamba nyuma yake bonde limeshajaa. Toka ufuoni saa moja na nusu kabla ya maji kukauka, uyafuate yanavyoshuka, na wanawake wa kijiji wanapoanza kugeuka, geuka nao. Wakikuita, usiombe picha moja ya mwisho. Vaa viatu vya mpira vilivyofungwa kisigino, maana ndala hung'olewa na tope, na mashimo ya mwamba yana wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayokatikia ndani ya nyama.

Mashamba ya mwani ya Paje, Jambiani na Bwejuu hupigwa picha sana, na picha nyingi zinafanana: mwanamke amepigwa kwa nyuma akiwa ameinama, nguo imelowa, uso hauonekani. Tunaiona picha hiyo haimtendei haki hata pale aliyeipiga hakuwa na nia mbaya. Kilimo hiki kilianza kibiashara Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, na wakulima walio wengi ni wanawake wanaojua kamba ipi ina mbegu dhaifu na mwani upi umeanza kuugua joto. Piga magoti majini mbele yake, kamera iwe usawa wa mikono, uonyeshe fundo, kigingi, kamba iliyovutwa, uso unaotazama kazi. Lenzi ya milimita 35 inatosha. Kabla ya kukanyaga, angalia kamba zimekwenda wapi na upite kwenye njia wanayopita wao. Tope unalolitibua hutua juu ya mwani, na kamba uliyoikwaa huvuta vigingi viwili pamoja. Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, kwa hiyo ukitaka kupanda na kuvuna katika mfululizo mmoja, panga bamvua zilizo mbali kwa muda huo, na zungumza na mkulima yuleyule.

Mwanga wa saa nne una dawa yake. Kamera hupima mchanga mweupe kana kwamba ni wa kijivu, hivyo hutoa picha yenye giza, na ngozi nyeusi hupotelea humo. Ongeza mwangaza kwa nusu hatua hadi hatua moja na theluthi (hatua moja ni mwanga maradufu), kisha tazama histogramu, yaani grafu ya mwangaza kwenye kioo cha kamera, ili tanga au povu la wimbi lisiungue na kuwa weupe mtupu. Penye mashaka, linda uso kwanza. Anga ikipoteza rangi kidogo si hasara. Liweke jua nyuma ya mtu, si mbele yake: mchanga mkavu mweupe humrudishia mwanga kutoka chini na kuujaza uso. Mchanga uliolowa haufanyi hivyo kwa kiasi kilekile, na hiyo ndiyo sababu picha iliyokuwa nzuri juu ya ufuo huwa ngumu ukishuka hatua hamsini. Kwa simu, gusa uso wa mtu kwenye kioo, shikilia hadi fokasi ijifunge, kisha sogeza alama ya kijua juu kidogo. Kioo kilicholowa maji ya chumvi hakisikii kidole, kwa hiyo weka kitambaa kikavu kifuani, ndani ya mfuko.

Kichujio cha kuondoa mng'aro, yaani polaraiza, ni cha lazima pale unapotaka kuonyesha kilichomo ndani ya maji. Kwenye anga nguvu yake ni kubwa jua likiwa ubavuni mwako, na karibu hakifanyi lolote likiwa mbele au mgongoni. Kinakula mwanga wa hatua moja na nusu hadi mbili. Ukikitumia na lenzi pana, anga hutoka na doa la bluu iliyokolea upande mmoja. Kilegeze au kitoe. Na usikizungushe hadi mwisho kila mara. Maji yaliyoondolewa mng'aro wote huonekana kama hayapo, na mtumbwi kama umening'inia hewani.

Kwa vyombo vya tanga, upepo ndio unaoamua usimame wapi. Tanga la pembetatu hutunia upande wa demani, yaani upepo unakokwenda. Ukipiga ukiwa upande huo, tanga linawafunika mabaharia na unapata kitambaa tu. Ukiwa upande wa joshi, upepo unakotoka, unaona watu, kamba, mkono ulioshika usukani, na yule aliyekalia ubao wa nje kuweka uzani. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo ni wa nguvu na vyombo huinama sana. Kasi ya shata (mlango wa mwanga wa kamera) ya sekunde 1/1000 ndiyo salama, kwa sababu chombo chako nacho kinaruka. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, huleta siku zilizo tulivu zaidi. Kati ya pepo hizo mbili, bahari ikilala na maji yakiwa mafu, ndipo maji huwa angavu na unaweza kupiga chini ya uso wa maji bila mchanga kutibuka. Tanga jeupe likiwa na jua nyuma yake hung'aa lenyewe na kuonyesha viraka vyote vya ushonaji. Pima mwangaza juu ya tanga, uwaache watu wawe vivuli, au pima juu ya watu na ukubali tanga liungue. Vyote viwili kwa pamoja havipatikani.

Mwambie anayekuendesha asikate mbele ya omo (pua) ya chombo cha mtu, azime mashine mapema, na asipite juu ya maboya ya nyavu au madema (mitego ya samaki). Mvuvi wa mshipi aliyetulia juu ya mwamba wake akitikiswa na mawimbi ya boti yako amepoteza alichokuwa anakingoja. Tumekubaliana na manahodha wengi namna moja rahisi: kupita mbali kwanza, kuinua mkono, kusubiri mkono ujibu, ndipo kusogea kwa kasia. Asipojibu, endelea na safari.

Chini ya picha andika chombo kwa jina lake. Ngalawa ina mbao mbili za pembeni zinazoizuia isipinduke. Dau halina, na limechongoka mbele na nyuma. Mashua ina tezi, yaani sehemu ya nyuma, iliyokatwa wima. Jahazi ni kubwa zaidi, la mizigo. Msomaji wa Tumbatu au Faza akiona ngalawa imeitwa dau haamini tena chochote ulichoandika.

Mafundi wa vyombo ni somo lisilongoja bamvua, isipokuwa kwa jambo moja. Chombo hupandishwa juu ya ufuo maji ya bamvua yakijaa, kikapwelewa, kisha kazi ya sehemu inayokaa chini ya maji ikafanyika: kukwangua, kukalafati kwa pamba iliyolowekwa mafuta na kugongwa kwenye maungio ya mbao, kisha kuchoma ubavu kwa makuti ili kuua wadudu wanaotoboa mbao. Moto huo huwaka kwa dakika chache tu kila upande. Mchana wa jua kali ndimi zake hazionekani kabisa, kwa hiyo tafuta upande wenye kivuli cha chombo chenyewe au omba kujua siku watakayochoma mapema asubuhi. Simama upepo ukiwa mgongoni. Majivu ya makuti yakitua kwenye lenzi usiyafute kwa kitambaa. Yapulize kwanza, maana yana chembe zinazokwaruza. Kabla ya kuingia bandani piga hodi, mwamkie fundi mkuu, kaa. Fundi atakuonyesha mwenyewe patasi ipi ni ya nini, na hapo ndipo unajua mkono upi utaufuata kwa kamera.

Ndani ya mikoko hali ni nyingine. Rufiji ndiyo yenye msitu mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki, takriban hekta 53,000, na mtu anaweza kupotea humo ndani ya nusu saa. Jua la chini halifiki kwenye vijito vyembamba, hivyo saa tatu hadi saa tano asubuhi, muda tunaoukimbia ufuoni, humo unafaa. Majani hung'aa kama kioo. Polaraiza huyarudishia ukijani. Mizizi ya mkoko inayosimama kama miguu, na ile ya mchu inayochomoza kutoka topeni, huonekana maji yakipwa tu, wakati chombo hakipiti. Kwa hiyo mizizi ipige picha ukienda kwa miguu, ukianzia pembezoni. Huko Gazi, Kwale, akina mama wamejenga njia ya mbao juu ya tope, na mtu hufika katikati ya mikoko bila kukanyaga miche. Miguu ya tripodi huzama topeni. Iweke juu ya vipande vya mbao au makumbi ya nazi. Wakata miti na wachoma mkaa hupatikana humo pia, na mara nyingi kazi yao imekatazwa kisheria. Sura zao tunaziacha.

Uvuvi wa dagaa hufanyika kwenye giza la mwezi, kwa taa. Usiku wa mbalamwezi vyombo vingi hukaa. Picha za usiku juu ya chombo kinachoyumba haziwezi kushikwa kwa shata ya polepole, hata ukiwa na tripodi. Pandisha ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) hadi 3200 au 6400, kaa kwenye kasi ya 1/125, na upige wakati watu wako ndani ya duara la taa. Kinachotupendeza zaidi ni mwanzo na mwisho: kuondoka jua likizama, na alfajiri dagaa wakishushwa, wakichemshwa kwa maji ya chumvi na kuanikwa. Mvuke wa sufuria ukiwa na jua la saa kumi na mbili na nusu nyuma yake huonekana wote. Mwanga huo hapa karibu na ikweta ni mfupi. Ikifika saa mbili asubuhi umekwisha.

Ijumaa wavuvi wengi hawatoki, au hurudi mapema kwa swala. Mwezi wa Ramadhani ratiba hubadilika. Mapango na mawe ambako watu huweka ubani na vitambaa hayapigwi bila ruhusa ya mwenye kuyatunza, hata kama hakuna mtu karibu. Kaya Kinondo, msitu mtakatifu karibu na Diani, wageni hufungwa kaniki na kuongozwa na mzee, na panapokatazwa picha pamekatazwa.

Ruhusa ina ngazi zake. Tanzania Bara utaanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kikundi cha usimamizi wa fukwe, BMU. Kenya kwa chifu na mwenyekiti wa BMU. Zanzibar kwa sheha na kamati ya wavuvi. Hifadhi za bahari, kama ya Mafia au Kisite-Mpunguti, zina tozo na masharti yake. Ndege isiyo na rubani inataka kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga kabla ya safari, si ukiwa ufuoni. Lakini barua ya sheha haimfungi bibi aliyeko majini. Yeye ataulizwa mwenyewe, na aulizwe kwa maneno yaliyo wazi: picha hii itakwenda wapi, itauzwa au la, itakaa mtandaoni. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinamhusu pia yeye. Kwa mtoto, mzazi. Kuhusu fedha, hatulipi picha. Tunalipa muda tuliousimamisha na chombo tulichokipanda, kwa bei iliyokubaliwa kabla, mbele ya watu.

Vifaa havihitaji maneno mengi. Chumvi huua kamera polepole kupitia vitufe. Jioni futa mwili wa kamera kwa kitambaa kilicholowa maji baridi yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu, na uiache nje ya begi ipate hewa. Usibadilishe lenzi ufuoni wakati wa kusi. Kamera ikitoka chumba chenye kiyoyozi hushika ukungu ndani. Iache nje ya chumba hicho, kwenye begi lililofungwa, kwa nusu saa kabla ya kuitoa. Vipakiti vya kunyonya unyevu hubadilishwa vikishiba. Nakili picha kila usiku sehemu mbili, na moja isipande chombo pamoja nawe.

Kabla ya kuchapisha, ondoa taarifa za mahali zilizojificha ndani ya faili. Shimo la pweza ambalo bibi amerithishwa na mamake, mwamba wa changu, ufuo wa kasa kutagia: mtu mwenye injini atafika kesho yake akiwa na alama hiyo mkononi. Taja kijiji, usitaje mwamba. Na mandhari ya nyuma nayo huonyesha mahali. Mnara au kilele cha kisiwa kikionekana, mvuvi mwingine anajua mara moja palipo. Kata picha, au unapopiga simama upande mwingine.

Picha ulizoahidi zirudi. WhatsApp huzibana zikapoteza ukali, hivyo tuma kama hati. Za karatasi za sentimita 10 kwa 15 ndizo zinazobaki ukutani, lakini chagua karatasi isiyong'aa. Zile za kung'aa zikirundikwa kwenye unyevu wa pwani hugandana, na ukizibandua rangi hubaki kwenye ya jirani. Andika jina nyuma kwa penseli, zifunge kwa plastiki, na mpe nahodha anayekwenda huko kwa maji yanayofuata.